Shajara ya mradi: rangi za maji na vinyago vya mpingo, Newala, Mei hadi Novemba 2024

6 Mei 2024: Tulipoanzia

Tuko saba, wa kijiji kimoja kilicho mwendo wa bodaboda kutoka Newala mjini, juu ya uwanda wa Makonde. Wanne ni wachongaji, wawili ni kina mama wafinyanzi, na wa saba ni binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye kwa kuchora anatupita sote. Mimi nilichonga Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar es Salaam, miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani. Kule nilifika mahali nikawa nachonga kwa kukariri. Mzee na fimbo yake, mama na mtoto, nguzo ya ujamaa ya watu waliobebana: mkono ulishajua njia, na macho yangeweza kuangalia barabarani huku tezo ikiendelea. Vinyago viliuzika. Lakini ilipita miaka mingi bila mimi kumtazama mtu yeyote kwa makini ili nimchonge.

Tumekubaliana kwamba hakuna atakayeshika tezo kabla hajakichora kitu kwa rangi za maji. Mzee wetu wa kikundi aliuliza kwa nini tusitumie penseli, maana ni rahisi. Jibu langu lilikuwa kwamba penseli hufutika. Rangi ya maji ikishakaa kwenye karatasi imekaa, kama kipande cha mpingo ambacho kikishang'oka hakirudi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini hukuhuku kwetu, alichora kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, na rangi za namna ile hufunika. Ukikosea unapaka tena juu yake. Kwa mafunzo yetu tulitaka rangi isiyoficha kosa.

Mtaji ni shilingi 350,000. Kila mmoja ametoa 50,000 kutoka kwenye korosho za msimu uliopita.

14 Mei: Vifaa, na hasara ya kwanza

Tulimtuma kijana mjini akanunue rangi za maji, akarudi na ndoo ya lita 4 ya rangi nyeupe ya ukutani. Kijana hakukosea, kwa sababu dukani hiyo ndiyo rangi ya maji. Kosa ni letu tuliomtuma bila maelezo. Ukimtuma mtu, mwambie "rangi za maji za wachoraji, za tyubu au za vidonge." Zimekwenda 28,000. Ndoo ile tumepaka kuta za ndani za banda la kazi, na ukweli ni kwamba banda limepata mwanga ambao halikuwa nao.

Kutoka Dar tuliagiza boksi moja la vidonge 12 kwa 35,000, pedi mbili za karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi A3, karatasi 12 kila pedi, kwa 90,000, brashi tatu za duara kwa 24,000, na 10,000 ya kusafirisha mzigo kwa basi. Jumla hadi leo 187,000.

Karatasi ya manila tuliijaribu kwa sababu ni rahisi. Ukiilowesha hujikunja, na ukipitisha brashi mara ya tatu inachubuka na kutoa nyuzi. Tumeibakiza kwa kujaribia rangi tu. Hata hiyo ya gramu 300 huvimba ikilowa sana. Dawa yake ni kuilowesha pande zote mbili, kuilaza kwenye ubao, kuibana kwa pini kila baada ya vidole viwili, na kuiacha ikauke ikiwa imevutika. Baada ya hapo haisumbui.

Jambo lililotupa shida ya kweli ni maji yenyewe. Uwanda huu hauna mto. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, au hukingwa mapaani wakati wa mvua. Ndoo ya lita 20 hapa kwetu ni 500 sasa hivi, na kiangazi kikikaza inafika 1,000. Siku ya pili tu mama mmoja alisimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, hayo maji ndiyo unayooshea brashi?" Sikuwa na la kujibu. Jioni ile tulikaa tukaweka utaratibu: kila mtu makopo mawili, moja la kuoshea brashi na moja safi la kuchovya. Maji machafu hayamwagwi. Yanalala usiku kucha, rangi inazama chini, na asubuhi maji ya juu yanarudi kwenye kopo la kuoshea. Mtu mmoja anatumia lita moja na nusu kwa wiki. Kina mama wamekubali.

2 Juni: Rangi kutoka ardhini

Boksi la 35,000 halitufikishi Novemba, kwa hiyo tumeanza kutengeneza za kwetu. Udongo mwekundu hapa haununuliwi. Tunauchekecha, tunaukoroga kwenye maji, tunahesabu hadi 60 mchanga uzame, kisha tunamimina maji yenye tope kwenye chombo cha pili na kuyaacha usiku kucha. Tope linalobaki chini ni laini kama unga wa sembe. Likikauka tunalisaga juu ya kipande cha kioo cha dirisha kwa kitako cha chupa. Wafinyanzi wetu walitufundisha hatua hii kwa siku moja, kwani ndivyo wanavyosafisha udongo wa kupakia vyungu. Tumepata nyekundu mbili, kahawia moja, na njano iliyofifia kutoka kwenye udongo wa kando ya barabara inayoteremka bondeni. Nyeusi ni mkaa uliosagwa. Nyeupe hatukuhitaji, maana nyeupe ni karatasi yenyewe.

Njano ile haikututosha, na hapo tulipoteza zaidi ya wiki mbili. Mtu wa kwanza alileta salfa ya kupulizia mikorosho, kwani huu ni msimu wake na kila nyumba inayo. Rangi yake ni njano nzuri mno machoni. Ila salfa haikubali maji. Inaelea juu kama vumbi, ukiizamisha inarudi, na aliyekuwa anaisaga alishinda macho yakimwasha. Msiijaribu. Wa pili alileta manjano ya jikoni. Hiyo ilikubali, tukafurahi, tukachora nayo mikorosho mitano. Binti ndiye aliyesema tuipime: alipaka ukanda, akafunika nusu kwa kadibodi, akauweka dirishani. Baada ya siku 18 nusu iliyopigwa na jua ilikuwa imekaribia kuwa karatasi tupu. Tumerudi kwenye njano ya udongo. Imefifia, ila ukanda wake ulikaa dirishani siku hizohizo haukubadilika kitu.

30 Juni: Gundi ya mkorosho

Unga wa udongo peke yake hukauka na kufutika kwa kidole. Unahitaji kitu cha kuushika kwenye karatasi. Wachoraji hutumia gundi ya mgunga, na sisi tuna utomvu wa mkorosho, ule wa rangi ya asali unaogandia kwenye majeraha ya shina. Usiuchanganye na mafuta ya ganda la korosho, ambayo yanababua ngozi. Tunauokota ukiwa mkavu, tunatwanga, tunaloweka kijiko kimoja kwa viwili vya maji ya moto kwa siku mbili, tunachuja kwa kipande cha kanga. Sehemu moja ya gundi kwa moja ya unga wa udongo, unasaga kwenye kioo, unajaza kwenye vizibo vya soda, unaacha vikauke.

Mara ya kwanza rangi ilikauka ikapasuka vipande na kudondoka kutoka kwenye vizibo. Mara ya pili tuliweka asali, robo ya kipimo cha gundi, na hapo haikukauka kabisa. Ilinata vidoleni, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga mstari hadi kwenye vizibo. Mara ya tatu tulishusha asali hadi matone manne kwa kijiko cha gundi. Ikakaa vizuri, kisha baada ya siku tisa ikaota ukungu wa kijani. Mama mfinyanzi mkubwa akashauri karafuu. Sasa tunachemsha karafuu sita kwenye maji ya kulowekea utomvu, na vizibo vya tarehe 12 Juni hadi leo ni safi. Gundi hii ina ukahawia kidogo, hivyo usiitegemee kwa bluu iliyo safi. Kwa bluu tunaendelea na kidonge cha dukani.

Gharama ya hatua hii ni asali 6,000 na karafuu 1,000.

21 Julai: Shimo la Mungu

Wiki tatu tumekuwa tukienda kabla ya alfajiri hadi Shimo la Mungu, pale ardhi ya Newala inapokatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma chini yako, na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi bonde huwa limejaa ukungu na vilele vya vilima vinatokeza kama visiwa. Nimezaliwa kilomita chache kutoka hapo. Sikuwahi kukaa nikauangalia ukungu ule ukipanda mpaka nilipokuwa na karatasi mapajani.

Ukungu huchorwa kwa maji juu ya maji. Unalowesha karatasi, unasubiri mng'aro wa maji upungue, unagusa kwa rangi nyepesi, na rangi inatembea yenyewe. Karatasi nane za mwanzo ziliharibika kwa sababu moja: upepo wa ukingo ule unakausha karatasi upande mmoja kabla hujafika wa pili, nawe ukiongeza rangi hapo maji mapya yanaisukuma ile iliyoanza kukauka, na kunatokea doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama koliflawa. Tulijaribu kuharakisha, ikawa mbaya zaidi. Kilichosaidia ni kulaza kitambaa kilicholowa chini ya karatasi juu ya ubao, ili unyevu utoke chini. Kitambaa kimoja na nusu lita ya maji vinatosha asubuhi nzima.

Vijana walitaka pia kuchora lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma za Wamakonde. Mzee alikataa. Alisema kinyago kile kina mahali pake na wakati wake, na kukianika kwenye karatasi ya kuuza hakuruhusu akiwa hai. Tumemsikiliza, na hili halijadiliwi tena katika mradi huu.

11 Agosti: Kivuli kilichochongwa

Hapa ndipo tulipojifunza zaidi, na ndiyo sehemu ninayoomba isomwe polepole.

Kila mchongaji alichora kichwa cha mtu, kisha akakichonga kwa mti laini, kwa majaribio, kabla ya mpingo. Mdogo wetu alimchora bibi yake amekaa barazani saa sita mchana. Mchoro ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walimtambua bibi. Chini ya kidevu alikuwa ameweka kivuli kizito cha mkaa, na kingine chini ya mashavu. Kisha akachonga akifuata mchoro, na kila palipokuwa na kivuli alichimba. Kichwa kilipokamilika bibi alionekana amekondeana, shingo imekatwa kwa mfereji, mashavu mashimo. Jua lilipokipiga, lilitia kivuli chake juu ya kile alichokwisha kuchimba. Kijana alikaa kimya siku nzima. Bibi yake alikuwa hai na mwenye afya, na yeye alikuwa amemchonga kama mgonjwa.

Nikatazama vya wengine, na changu pia. Wote tulikuwa tumefanya kosa lilelile kwa kiasi kidogo. Mchoro hauwezi kukuambia weusi huu ni shimo au ni jua lililozibwa. Vyote viwili ni rangi ileile.

Kina mama wafinyanzi ndio waliotutoa. Walifinyanga kichwa cha bibi kwa udongo, kimo cha shubiri moja, wakakiweka juu ya kinu uani. Tulikichora saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni, bila kukisogeza. Kisha tukaweka michoro mitatu sambamba. Weusi uliohama kutoka mchoro hadi mchoro ulikuwa jua. Ule uliobaki palepale katika yote mitatu, pembe za macho, mpaka wa midomo, kunjo la sikio, ndio ulikuwa umbo. Tangu siku hiyo tunachonga kile kisichohama tu. Kijana amemchonga bibi yake upya, na kichwa hicho kimewekwa barazani kwa bibi.

Kosa la pili lilifuata. Tulichora upande wa mbele peke yake, na vinyago vikatoka kama mbao: mbele kuna mtu, ubavuni hakuna. Sasa tunakata karatasi ndefu, tunaigawa sehemu nne, tunachora mbele, kulia, nyuma na kushoto kwa mpangilio, kisha tunaifunga karatasi kuzunguka gogo na kuweka alama kwa chaki mahali mabega na magoti yanapokutana. Hatua hii inachukua siku mbili na imetuokolea mpingo mwingi.

8 Septemba: Gogo limepasuka

Tulinunua vipande viwili vya mpingo vyenye risiti na kibali, 80,000 vyote. Nasisitiza kibali. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi kukua, na mtu anayekuuzia usiku bila karatasi anakuuzia mti wa wajukuu zako.

Kimoja kimepasuka, ufa wa urefu wa kiganja, kutoka kichwani kushuka begani. Niliacha kazi mlangoni mwa banda siku mbili nilipokwenda msibani. Pepo za mwezi huu ni kavu na mpingo ulikuwa bado na unyevu ndani, ukakauka nje upesi kuliko moyo wake. Mzee aliniambia, "Mjukuu wangu, mti huu ni kama mtoto mchanga, haukai uchi mlangoni." Alikuwa sahihi. Kukifunga kwa gunia bichi kila jioni na kukisiriba nta kwenye miisho ya nyuzi, pale msumeno ulipokata, ni jambo nililofundishwa nikiwa na miaka 12.

Ufa tumeuziba kwa vumbi la mpingo na supagluu, tukasugua kwa msasa hadi ukapotea kwa macho. Kwa kidole bado nauhisi. Kinyago hicho hatutakiuza kwa mgeni bila kumwambia. Kingine tunakitunza ndani, kwenye gunia, kwa kutumia maji yaleyale ya kuoshea brashi.

6 Oktoba: Mng'aro

Niliona ajabu nilipolinganisha michoro yetu na vinyago vyenyewe. Kwenye karatasi kuna vivuli vya kila kiwango, kizito, cha kati, chepesi. Kwenye mpingo uliosuguliwa wote hadi kung'aa hivyo vya kati havipo. Mti ni mweusi, unachokiona ni vijisehemu vichache vinavyometa, vingine vyote vinamezwa. Kazi ya uso tuliyoihangaikia wiki tatu ilipotea baada ya nta.

Binti akapendekeza tufanye kinyume. Alichukua kinyago kilichokamilika, akakichora kwa mkaa mtupu, karatasi nzima nyeusi isipokuwa zile sehemu zinazometa, ambazo aliziacha karatasi tupu. Zilikuwa tisa tu: paji la uso, pua, mfupa wa shavu, bega, goti, na nyingine ndogo. Kisha tukajiuliza kama tisa hizo ndizo tunazotaka zionekane kwanza. Hazikuwa. Goti lilikuwa linapiga kelele kuliko uso.

Kinyago kilichofuata tulikisugua kwa mchoro. Kabla ya msasa tulichora tena kwa mkaa tukaamua wapi karatasi ibaki nyeupe, na sehemu hizo tu ndizo zilizopitishwa tupa, msasa wa namba 120, 240, 400, kisha nta. Nguo, nywele na mgongo tuliviacha na alama za patasi. Mwanga sasa unakaa usoni na mikononi. Mzee alikizungusha mara nne bila kusema neno, kisha akauliza ni nani aliyefundisha hivyo. Tukamwonyesha binti. Msasa na nta vimegharimu 18,000.

Onyo kwa atakayefuata: mnunuzi wa kwanza aliyekiona alidhani hakijaisha. Inabidi kueleza, au kukiweka karibu na mchoro wake, na hapo watu huelewa bila maneno.

17 Novemba: Ukungu

Korosho zimeanza kuanguka na kila mtu yuko shambani hadi adhuhuri, kwa hiyo kazi imekwenda taratibu. Kimebaki kimoja nilichokitaka tangu Julai.

Wachongaji wetu wana mtindo wa mawingu, maumbo yanayopinda na kupitana bila kuwa mtu wala mnyama. Nilipokuwa Mwenge niliuchonga kwa kubahatisha, tundu hapa, mpindo pale. Safari hii nilibandika ukutani michoro 11 ya ukungu wa Shimo la Mungu, nikafinyanga udongo mara nne, nikachora udongo ule asubuhi na jioni, kisha nikaanza. Ganda jeupe la mpingo, yaani ule mti mweupe ulio chini ya gome, ambalo kwa kawaida tunalitupa, nimeliacha upande mmoja kutoka chini hadi katikati. Ndiyo mahali ukungu unapoishia na kilima kinapoanza. Kwenye karatasi pale niliacha nyeupe. Nimechonga siku 26 na kuharibu patasi moja.

Maji ya miezi yote ni ndoo 31, shilingi 24,000. Ukiongeza supagluu ya 3,000 na niliyotaja juu, tumetumia 319,000. Zimebaki 31,000, karatasi tatu, na vizibo 22 vya rangi ya udongo vilivyo tayari. Tuna michoro 13 inayofaa kuonyeshwa na vinyago vinne. Tulipanga sita.

Jana jioni nilikipeleka kinyago cha ukungu kwa mama yule aliyesimama mlangoni mwezi Mei, kwa kuwa maji yake yamo ndani. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza upande wenye ganda jeupe, akasema, "Hapa ni asubuhi kabla ya mvua." Mvua yenyewe tunaingoja Desemba. Mapaa matatu tayari tumeyawekea mifereji ya kukingia, na ndoo za kwanza zitakwenda kwake.